Ile Siku Tulimufungua Mayo Chilufya

Bwana asifiwe, ndugu zangu, kwa wema wake kwetu hapa kando ya ziwa Mweru. Miye ni Feza, bengi munaniita Mama Feza wa kambi ya Mantapala. Leo nasimama na furaha, lakini nitaanza na mambo yenye kunipatisha haya. Bila ile hamutaelewa Mungu alinitoa wapi.

Ninafanya kazi ku nyumba ya bazee, ku barabara ya kuenda Chienge. Bazee bengi pale banapotewa na akili. Banasahau majina ya batoto bao, banauliza neno moja mara makumi, banataka kuenda ku nyumba zenye zilianguka zamani.

Mumoja bao ni Mayo Chilufya. Mayo ni mama kwa Kibemba. Maisha yake yote alianika na kuuza chisense, zile samaki ndogo za ziwa letu, ku soko ya Kashikishi. Kiswahili alijifunza kwa kuuzia Bakongomani. Alipoanza kusahau, alikuwa anaingia asubuhi mu nyumba za jirani, anakaa, anangojea chai kama iko kwake. Jirani bakasema ni mulozi. Mutoto wake Kabwe, mwanaume mukubwa, akaogopa. Akamuleta kwetu, kisha akaacha kuja.

Na sisi tulimupokea namna gani? Tulimufunga. Kila siku kisha chakula cha muchana alikuwa anasimama na kuenda ku mulango. Basi tulikuwa tunamukalisha ku kiti na kumufunga kiuno na kitenge, eti asipotee. Tulisema ni kwa faida yake. Kwa kweli ilikuwa ili tupumzike.

Na kila siku alikuwa ananiuliza, "Bwana yangu iko wapi? Minamungojea."

"Bwana yako alikufa, Mayo. Alikufa zamani."

Alikuwa analia kama mutu mwenye anasikia ile habari mara ya kwanza. Kisha anasahau, anauliza tena, na miye namujibu vilevile.

Ndugu zangu, bwana yangu alikufa ku njia, wakati tulikimbia vita kule Kongo, upande wa Pweto. Tulimuzika haraka, tukaendelea kutembea, mutoto mudogo ku mugongo. Tangu ile siku sikutaja jina lake, hata mbele ya batoto. Basi kila mara Mayo aliuliza bwana yake iko wapi, nilisikia kama ananiuliza wangu. Nilimuchukia sababu ya ile.

Siku moja alilegeza fundo yeye mwenyewe. Nikamurudisha ku kiti kwa nguvu, akaniuma mukono, na miye nikamupiga kofi. Uso wake ni mudogo, kiganja changu kiliufunika wote. Aliniangalia, akasema pole pole, "Mama, nilikukosea nini?"

Nilienda nyuma ya jikoni nikapiga magoti. Nikasema, "Bwana, naongoza maombi ya bamama kila Ijumaa, na mikono yangu inapiga muzee. Nitoe mu hii hali."

Wiki ileile nesi wetu, Mama Bwalya, alirudi kutoka formasio, mafunzo ya kazi, ku Mansa. Nilimwambia juu ya kofi, nikingojea anifukuze kazi. Akashika mukono wangu, akaangalia alama ya meno. Kisha akasema, "Ni vibaya sana, Feza. Na ni miye nilikuachia ile kazi bila kukufundisha. Kesho tunaanza upya, na utaanza weye."

Asubuhi akatukusanya wote. "Huu ni ugonjwa wa ubongo," akasema. "Haiko ulozi, haiko kichwa ngumu. Kuanzia leo hatufungi mutu. Mutu akisema anataka kuenda, musimubishie. Mumuulize anaenda kufanya nini, na mutembee naye."

Mulinzi wetu akacheka. "Na akipotelea mu ziwa?"

"Tutajenga lupango, uzio wa kuzunguka uwanja wote. Weye utatusaidia kuijenga."

Tukajenga. Mulango wa choo tukapaka rangi ya njano ili baione toka mbali. Tukanunua kaye, daftari ndogo, moja kwa kila muzee, tukaandika alifanya kazi gani, anapenda nini, anaogopa nini.

Siku lupango iliisha, nilifungua kile kitenge. Mayo akasimama, akaenda ku mulango. Nikamushika mukono, tukatoka pamoja.

"Bwana yangu iko wapi?"

Nikasema, "Niambie juu yake, Mayo. Ni mutu wa namna gani?"

Akacheka mara moja kama musichana. "Ni muvuvi. Anaimba vibaya, lakini anaimba kila siku. Minasikia sauti yake mbele ya kuona mutumbwi wake." Tulizunguka uwanja mara tatu, yeye anaeleza tu. Kisha akaniangalia mu macho. "Na wako?"

Nikasema, "Ilunga. Jina lake Ilunga. Alikuwa anashona viatu." Nikaanza kulia. Mayo akanipangusa machozi na mukono wake, ule uso wenye nilipiga ukiwa karibu na wangu. "Lia, mwana wangu," akasema. "Niko hapa."

Ndugu zangu, pale ndipo Bwana alinifungua. Muzigo wa miaka ulitoka. Jioni nilieleza batoto habari za baba yao, namna alikuwa anaogopa kuku, nao bakauliza, tukacheka mupaka nshima, ule ugali wetu, ikapoa.

Kisha Mama Bwalya akaleta chisense mbichi. Mayo akazitandaza ku mukeka, mikono yake haikusahau kitu. Akanigombeza: "Weye, unazirundika. Hazitakauka."

Tukamuita Kabwe. Akasimama ku lupango. "Hanijui tena," akasema.

"Usimuulize kama anakujua," Mama Bwalya akajibu. "Kaa, mufanye kazi pamoja."

Akakaa. Mayo akamusukumia fungu la samaki, akamuangalia anapanga. "Unafanya vizuri," akamwambia. "Niko na mutoto anafanya vilevile." Kabwe akainamisha kichwa ku mukeka. Sasa anakuja kila Posho, ile siku ya Jumamosi, na ni yeye anaelezea jirani kama mama yake ni mugonjwa, haiko mulozi.

Siwezi kudanganya mu nyumba ya Mungu. Iko siku Mayo anakataa kuoga, anatutukana sisi wote. Lakini hakuna mutu anafungwa pale, na miye naenda kazini nikiimba.

Namushukuru Mungu, namushukuru Mama Bwalya. Na weye mwenye iko na muzee ku nyumba anauliza neno moja kutwa nzima, usimuogope, usimufungie. Kuya kwetu, tutakuonyesha. Na kama moyo wako mwenyewe umefungwa, umuachie Yesu. Siku moja, labda, miye pia nitasahau jina lake. Yeye hatasahau langu. Amina.