Watoto Thelathini na Mmoja Waliosema Tumbo

Ndugu wafiwa, majirani, waumini wenzetu na wafanyakazi wote wa makumbusho ya sayansi mliofika, tunamshukuru Mungu aliyetupa dada yetu na ambaye sasa amemchukua, ila kabla ya kutaja siku aliyozaliwa kuna jambo ambalo lazima litangulie, kwa sababu likiachwa mwisho anayesoma anaweza kuishiwa nguvu akalikunja pamoja na karatasi. Mwaka 2004 dada yetu aliandikiwa barua kazini kwamba alibuni majibu ya watoto thelathini na mmoja katika utafiti wake. Hakubuni. Aliyeyaharibu majibu yale ni kaka yake anayemfuata kwa juu, fundi seremala, mwalimu wa watoto wa Jumapili, ambaye amekaa na jambo hilo kifuani miaka kumi na minane, akiwafundisha watoto amri ya kutosema uongo huku yeye mwenyewe akiuficha, na ndiye huyohuyo ambaye familia imemtuma kusoma historia hii. Humu ndani ataitwa kaka tu, maana siku ya leo si yake.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Aprili 1961, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo hakulia, alipiga chafya kwanza, kwa vumbi la mbao lililokuwa limejaa hewani. Baba alikuwa seremala wa maneno machache, na ubao uliobonyea katikati hakuuita umebonyea, alisema ubao huu una tumbo, neno ambalo hatukulisikia kwenye karakana nyingine yoyote. Tunaomba mlishike neno hilo, litarudi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi 1974, sekondari 1975 hadi 1978, kisha chuo cha ualimu hadi mwaka 1981, na ripoti zake zote, ambazo mama alizitunza kwenye kopo la biskuti, zina alama nzuri na maoni mabaya, kwamba anauliza sana, kwamba anamkatiza mwalimu, kwamba hakubali jibu hata likiwa ubaoni. Alifundisha sayansi miaka saba, na mwaka 1986 aliitwa ofisini kwa kosa la kulitoa darasa zima nje ya geti na kulipeleka kwa fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, wakakaa chini kumwangalia anavyonyoosha gurudumu, na mwalimu mkuu alipomuuliza kama fundi baiskeli ana cheti, alijibu kwamba hana, ila ana wanafunzi arobaini ambao hawasinzii.

Alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 7 Desemba 1985 na shemeji yetu, fundi mizani, mtu mpole ambaye alikuwa akisema kwamba yeye anapima magunia na mkewe anapima watu, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti mwaka 1987 na kijana mwaka 1991, ambao wote wako hapa, na ambao wanakumbuka vizuri kwamba nyumbani kwao hukuambiwa jibu la kitu chochote, uliulizwa wewe unadhani nini, hata kama ulichouliza ni chumvi iko wapi.

Tarehe 1 Machi 1989 aliajiriwa na makumbusho kama mwongoza wageni, na ukumbi wa wakati ule, wazee wenzangu mnaukumbuka, ulikuwa na vitu ndani ya vioo, kamba nyekundu mbele yake, na vibao vya maandishi marefu kama hati ya mashtaka. Akanunua saa ya kupimia sekunde kutoka kwa mwalimu wa riadha, akaivaa shingoni, akawa anasimama pembeni na penseli, anapima mtu amekaa sekunde ngapi mbele ya kila kitu, na njia aliyopita anaichora kwenye ramani ya ukumbi, na anaandika wanachoambiana, ndipo akapewa jina la Bibi Sekunde, mwanzoni kwa dhihaka. Aligundua kwamba kibao kilichomgharimu mtaalamu miezi miwili kukiandika kinasomwa kwa sekunde tisa, na alipolipeleka hilo juu akaambiwa na mkubwa mmoja kwamba kazi ya kuangalia watu wakiangalia vitu si kazi. Akamjibu, "Na wewe unaangalia watu wakifanya kazi, mbona una gari?"

Alisoma shahada ya pili kuanzia 1994 hadi 1996, huku akifanya kazi, na andiko lake lote lilitokana na bibi mmoja asiyejua kusoma aliyekuja na mjukuu wake, wakakaa dakika kumi na moja kwenye kitu kimoja ambacho maprofesa walikaa dakika moja, kwa sababu kila mjukuu alipouliza, bibi alisema, "Sijui, hebu jaribu tena." Marehemu aliamini mpaka siku ya mwisho kwamba neno hilo lina kazi kubwa kuliko vibao vyote vya ukumbi ule, na kwamba watu wasiokuwa na sare wala daftari wanajifunza, tena wanajifunza sana, ila hakuna anayewahesabu. Yeye aliwahesabu.

Sasa tunafika mwaka 2004. Makumbusho ilijenga ukumbi mpya wa vitu vya kushika kwa mikono, na kaka akapata kazi ya kutengeneza meza, na meza aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na reli mbili za mbao, moja imenyooka, nyingine imebonyea, ukiachia gololi mbili kwa pamoja ile ya reli iliyobonyea inafika kwanza ingawa njia yake ni ndefu zaidi, jambo ambalo hata mtu mzima anabisha mpaka alione. Marehemu alimwambia kaka kwamba meza ina miguu mirefu mno kwa mtoto na haina nafasi ya watu wawili kuongea, na kaka, kwa kiburi, akamwambia, "Mimi ndiye fundi, wewe shika saa yako." Akasikia kwamba meza zitapimwa kwa majibu ya watoto, wataulizwa kabla ya kugusa na baada ya kugusa, na kwamba meza itakayoshindwa itang'olewa. Basi Jumapili ya tarehe 6 Juni, badala ya somo la siku hiyo, aliwapanga watoto wake wa Jumapili akawakaririsha jibu, na Jumamosi ya tarehe 12 akawapeleka kwenye ukumbi, siku ambayo marehemu alikuwa amempeleka mama kliniki, na wasaidizi wawili wasiowafahamu watoto hao ndio waliouliza. Watoto thelathini na mmoja walisimama mmoja baada ya mwingine, mikono nyuma, wakasema, "Imetangulia kwa sababu tumbo linaipa mwendo mapema."

Mwezi Agosti mhakiki kutoka nje alisoma ripoti akasema watoto thelathini na mmoja hawawezi kusema sentensi moja isipokuwa wametoka kwenye kalamu moja, na kweli walitoka kwenye kinywa kimoja. Jumanne tarehe 31 Agosti marehemu aliingia karakana na zile karatasi, akasubiri kaka azime mashine, akasema, "Kaka, hawa watoto wamejulia wapi tumbo?"

Kaka akasema watoto wa siku hizi wana akili.

"Wote thelathini na mmoja?"

Kaka akachukua randa akaanza kulainisha ubao ambao ulikuwa umeshalainishwa, naye akavuta kigoda akakaa, akamwangalia kwa muda, na kaka aliogopa kwamba anampima sekunde. Kisha akacheka, Mungu ni shahidi alicheka, akasema, "Meza yako ilikuwa nzuri bila hata kuwafundisha, mjinga wewe."

Kaka alimwomba asimtaje. Alisema ana mkataba, ana watoto shuleni, na mwezi ule anatazamiwa kuwa mzee wa kanisa. Marehemu akamwambia kwamba hayo matatu si kitu, ila kamati ya makumbusho ilikuwa inatafuta sababu ya kuwafungia mlango watu wasiokuja na shule, na wakisikia ni kundi la Jumapili watasema, si tulisema, kisha akamalizia, "Kwa hiyo nitanyamaza kwa ajili ya wale, usidhani ni kwa ajili yako." Alipoitwa mbele ya kamati hakulia wala hakujitetea kwa jina la mtu, aliandika mistari miwili, ambayo nakala yake tunayo, kwamba sikubuni, na sitaomba msamaha kwa nisilolitenda, na wale wasaidizi wawili waliposema waliyasikia majibu kwa masikio yao, wakaambiwa wanamkinga mkubwa wao. Barua ya tarehe 20 Septemba ikamwondoa kwenye utafiti, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2004 akawa mkata tiketi mlangoni. Kaka akawa mzee wa kanisa.

Waliodhani wamemzima hawakumjua. Saa haikutoka shingoni. Alikaa pale mlangoni miaka kumi na sita na nusu, na kila kipande cha tiketi alichobaki nacho aliandika nyuma yake nani ameingia na nani, wameingia saa ngapi, wametoka saa ngapi, na wakitoka aliwauliza swali moja tu, ni kitu gani mmebishania, hakuuliza ni kitu gani mmekipenda, akajaza magunia kumi na mawili, ambayo shemeji aliyapima kwa mizani yake kwa utani, akatangaza kwamba sayansi ya mke wake ina kilo mia mbili na kumi. Mwaka 2012 mkurugenzi mpya, ambaye tunamwona mstari wa pili, aliyafungua magunia hayo, na kwa sababu ya yaliyomo meza zote zilikatwa miguu na kuwekewa viti viwiliviwili, na vibao vikaandikwa upya kwa maswali. Kaka ndiye aliyeitwa kukata miguu ya meza yake mwenyewe, na marehemu alitoka mlangoni akaja kusimama na saa. Lakini barua ya 2004 ilibaki kwenye faili, na jina lake halikuwekwa kwenye ripoti ya ukumbi, kwa maelezo kwamba jambo la zamani halifunguliwi bila ushahidi mpya. Alistaafu tarehe 14 Aprili 2021 kama mkata tiketi.

Tarehe 3 Oktoba 2022 aligundulika ana saratani ya ini, na hata wodini hakuacha, alihesabu wageni arobaini waliopita mbele ya tangazo la kunawa mikono, hakuna aliyezidi sekunde nne, akamwambia muuguzi alishushe usawa wa macho na aliandike kama swali, na muuguzi, Mungu ambariki, aliandika. Mwishoni mwa Januari kaka alipiga magoti kando ya kitanda akaomba ruhusa ya kusema ukweli, naye akasema, "Sema nikishaondoka, maana nikiwepo nitakuhurumia nikukatize. Na usilie, soma." Alifariki Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na moja, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti na maji, wafanyakazi wenzake wa mlangoni ambao hawakuacha kumwita mtafiti hata barua ilipokataza, na wale watoto wa Jumapili, ambao sasa ni watu wazima, na ambao kumi na tisa kati yao wameketi hapa baada ya kutia sahihi kwamba walikaririshwa. Hawana kosa. Pumzika, dada, umesimama vya kutosha, kaa sasa.

Mkurugenzi, barua yao hii hapa, na ya kwangu iko juu yake, nimeiandika kwa mkono wangu. Naomba usiondoke kabla hujaipokea, na naomba kesho ile ya 2004 itoke kwenye faili la mdogo wangu.