Mtani Wangu Vasemaca na Aya ya Alisi

Ijumaa hii, Novemba 28, Mwalimu Vasemaca Tuilevu anastaafu baada ya kufundisha fasihi hapa Labasa, Fiji, kwa miaka thelathini na moja. Kamati imenipa mimi, mtani wake na mwalimu mwenzake, kazi ya kumwandikia. Shauri yao, wamejitakia.

Alikuja na masanduku mawili ya vitabu na sufuria moja, na mpaka leo kupika hajui. Watu wa kisiwa chake, watani wa kisiwa chetu tangu enzi za mababu, ndivyo walivyo. Mihogo ya chumba cha walimu huimaliza yeye, kisha huuliza nani kaimaliza. Miaka yote hiyo nimemtukana hadharani, na hajanuna hata mara moja. Nilitaka kuandika kwamba huko ndiko kujizuia, ila najua angenifutia.

Maana mwaka juzi Alisi, wa kidato cha mwisho, aliandika aya kuhusu mzee anayejizuia katika hadithi waliyoisoma darasani: watani wanamcheka msibani, naye anatabasamu. Aya ilihesabiwa kwenye alama zake za mwisho. Akiikosa, chuo basi tena. Mimi niliisifu. Vasemaca akairudisha.

"Wee Alisi, kwa mtani nani anaruhusiwa kukasirika? Hapo kajizuia nini? Nitafutie mahali anapotukanwa na mtu anayeweza kumjibu."

Alisi akaandika upya. "Unasema ana hasira. Umeiona wapi?" Akarudishiwa tena, mpaka mtoto akalia.

Ndipo akaja mkaguzi kutoka Suva. Mbele ya darasa zima akasema, "Mama, aya moja wiki tatu? Ndiyo maana watoto wanafeli." Mkaguzi si mtani wa mtu. Sisi tuliokuwa dirishani tukanong'onezana, leo patachimbika! Vasemaca akamvutia kiti. "Karibu ukae, bwana." Chaki ikamkatikia mkononi.

Alisi aliiona ile chaki. Jioni akarudi kwenye hadithi, akamkuta mzee anatukanwa na mdogo wake wa damu, naye anampa kinywaji, bakuli likimtetemeka mkononi. Akaandika kuhusu hapo. Aya ikapita, na sasa Alisi yuko chuoni anasomea ualimu. Mungu awasaidie wanafunzi wake.

Vasemaca, asante kwa watoto wetu. Uishi vizuri huko uendako, mtani, na afya iwe nawe. Desturi hainiruhusu kukulilia, kwa hiyo Ijumaa nitacheka kuliko wote ukumbini. Umetufundisha kukiangalia vizuri kicheko cha mtu. Changu, tafadhali, usikiangalie.