Gari la Kumrudisha Shalom

Benchi lenyewe si la kujivunia. Liko Farsta, pembeni mwa mji mkuu wa Waswidi, pale ngazi za stesheni zinapomwaga watu mbele ya maduka, chini ya kipaa kinachozuia mvua lakini kisichozuia upepo. Mbao zake zimechorwa kwa visu na watoto wa watu, na mwisho wake mmoja una unyevu usiokauka tangu Septemba hadi Mei. Jumamosi asubuhi benchi hilo ni la Waswahili. Kahawa huletwa na Deusdedit ndani ya chupa kubwa, chungu, imekolea tangawizi, na ikishamiminwa hakuna jambo la dunia linalokosa hukumu: marais, wachungaji, bei ya nauli, wake za watu. Lakini Oktoba ile ya mwaka 2007, dola ilipokuwa imeanguka na Waswidi wanashusha magari ya Kimarekani bandarini kama wanaoshusha mahindi ya msaada, kesi ilikuwa moja tu, na ilirudi kila Jumamosi: Bonaventure anunue gari lipi.

Asiyemjua Bonaventure angedhani ni mpenzi wa magari. Wapi! Mtu wa Uvira, mji wa kando ya ziwa, mfupi, mpole, kazi yake kufua mashuka katika nyumba ya wazee. Leseni hakuwa nayo. Kwake gari lilikuwa kitu cha kukwepa wakati wa kuvuka barabara. Mwenye wazimu wa magari alikuwa mwanawe, Shalom. Kijana alipenda yale ya zamani, yenye pua ndefu na injini ya silinda nane, ambayo Waswidi huyatoa maghalani wakati wa joto na kuyatembeza polepole katika barabara ya Sveavägen, vioo chini, watu wapate kuona na kusikia. Aliacha masomo ya kompyuta, akawa anashinda Tumba kwenye gereji ya mzee mmoja Mswidi, na jioni anarudi na grisi hadi kwenye nyusi.

“Sikukuvusha ziwa uje kulala chini ya magari,” baba yake alimwambia siku walipogombana. Shalom akamjibu kwa Kiswidi, kama ilivyokuwa desturi yake, maneno machache tu. Asubuhi yake akapanda treni ya kaskazini, akashukia Luleå, na tangu Machi simu ya baba hakuipokea hata mara moja. Ya mama aliipokea. Madeleine alikuwa akizungumza naye jikoni, mlango kaurudishia, na Bonaventure alikuwa akikaa sebuleni ameizima televisheni apate kusikia, wala asisikie neno.

Ndipo lilipomjia wazo: nikinunua gari la namna hiyo, mtoto atarudi. Akalileta benchini kwa aibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Benchi likalipokea kwa mikono miwili.

— Mustang, alisema Clovis.

Clovis walimwita Spana kwa sababu alibadilisha matairi katika gereji moja, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema katika kila jambo, akichanganya na Kifaransa.

— Bon, tusipoteze muda. Mustang ya zamani, nyekundu. Mutoto akiona ile farasi pale mbele, damu inachemuka. Analia. Minakuambia, analia kabisa.

— Mustang kila mtu ako nayo, alisema Mugambi. Hata daktari wa meno ako nayo.

Mugambi alikuwa Mmeru, akifanya kazi kwenye maofisi ya Kista, na kwa hiyo jina lake lilikuwa Kista.

— Wewe unataka kitu ya kumshtua. Chukua Charger. Dodge Charger, nyeusi, taa za mbele zimefichwa. Hiyo gari ikikuangalia unaanza kukiri dhambi zako mwenyewe. Sikiza, buda, shida si rangi, shida ni sauti. Silinda nane ikinguruma inaingia kwa mifupa. Wewe unaiwasha, unapiga simu Luleå, unaweka simu karibu na ekzosi. Huongei. Atajua.

— Hapokei simu, alisema Bonaventure.

— Basi unaacha mngurumo kwenye ujumbe wa sauti.

Bonaventure alitikisa kichwa taratibu. Hakuwa anakataa. Alikuwa anajaribu kuusikia mngurumo huo ukisafiri juu ya misitu yote ile, ukifika kwenye chumba asichowahi kukiona.

Deusdedit akamimina kahawa. Huyu alikuwa Mhaya wa Bukoba, mnene, wakimwita Askofu kwa ajili ya sauti yake na kwa ajili ya methali zake, ambazo hazikuwahi kupata njia ya kwenda zilikotumwa.

— Ndugu zangu, ninyi mnahubiri nje ya kanisa. Haraka haraka haina baraka, wahenga wamesema. Maana yake nini? Maana yake ukitaka baraka, haraka iwe moja tu, ya silinda nane, si mbili za silinda nnenne.

— Askofu, hiyo si maana yake.

— Maana yake unaijua wewe uliyezaliwa Meru? Nisikilize. Pontiac. Ile ya Firebird, yenye ndege amechorwa kwenye boneti, mabawa wazi. Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Kijana ni ndege, tundu ndilo hilo.

— Sasa gari ndilo bovu? aliuliza Clovis. Ama ndege?

— Vyote viwili.

Wakacheka, na Bonaventure akacheka nao, ila chake kilikuwa kicheko cha kuazima. Clovis alitoa kwenye koti kipande cha gazeti kilichokunjwa, picha za magari yanayouzwa. Wenye nayo, alieleza, hawataki kuyalaza majira ya baridi. Chumvi ya barabarani inakula bati, na ghala la kulilaza gari si kila mtu analo. Huu ndio wakati wa kununua. Wakazungusha picha mkono kwa mkono. Bonaventure aliziangalia moja moja kama anavyoangalia picha za mochari mtu aliyeitwa kumtambua ndugu yake. Yote yalikuwa na pua ndefu. Yote yalikuwa na matairi mapana. Hakuona tofauti.

— Amua basi, mzee, alisema Deusdedit. Theluji ikianguka watayafungia hadi Mei. Chelewa chelewa, utamkuta mwana...

Methali hii moja, katika zote alizowahi kutupa, ilikuwa imepiga shabaha. Hakuna aliyeimalizia. Treni iliingia juu ya vichwa vyao, ikashusha watu, ikaondoka. Bonaventure alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

— Mimi nina wazo jingine, alisema Mugambi, kwa haraka ya mtu anayefunika mzoga. Usinunue nzima. Nunua imekufa. Imekufa kabisa, haiwaki.

— Ya nini?

— Si fundi lazima aitwe? Unaiweka hapo nje ya nyumba, mama anamwambia kwa simu, baba yako amenunua Charger na haiwaki, anaigonga na nyundo. Nyundo! Hatalala. Atakuja na treni ya kwanza kuiokoa.

— Ah, ile ni akili, alikubali Clovis. Mais mimi ningeenda mbali zaidi. Ningeifungua yote. Mwezi wa kwanza unamutumia usukani kwa posta. Hakuna barua. Mwezi wa pili kioo cha pembeni. Wa tatu, kile kitasa cha gia. Mutoto anaanza kujenga gari mu chumba. Siku moja anabakia na yote, injini tu haina. Injini iko wapi? Iko Farsta, kwa papa yake. Atafanya nini? Atakuja.

— Kuku hufuata punje, alisema Deusdedit kwa kicho.

— Voilà.

— Na milango? Posta itapokea milango?

— Milango unapeleka na basi.

Bonaventure alisikiliza yote na hakulidharau hata moja. Hilo ndilo lililokuwa linawaumiza wenzake bila wao kulitamka: kwamba wao walitania na yeye hakutania. Walipomwona anavyoegemea mbele, anauliza kama Pontiac ina viti vya nyuma, kama Mustang itastahimili baridi ya Luleå, waliongeza chumvi zaidi, kwa sababu kuacha kungekuwa kumwambia ukweli, na ukweli hakuna aliyetaka kuushika. Madeleine pekee ndiye aliyewahi kumwambia. “Gari si mdomo,” alimwambia, akaendelea kukunja nguo.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni. Clovis alikuwa amekuja na binamu yake, Norbert, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, aliyekuwa amewasili juzijuzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, bado amevaa koti lililokuwa kubwa kuliko yeye. Alikuwa amekaa kwenye ule mwisho wenye unyevu, ameshika kikombe kwa viganja viwili, hajasema lolote zaidi ya shikamoo kwa Bonaventure na asante kwa kahawa. Mke wake na watoto walikuwa wamebaki kambini wakisubiri zamu yao.

Akakohoa kidogo.

— Samahani, wakubwa. Mimi haya magari siyajui. Nimesikia Mustangi, nimesikia Chaja, nimesikia ile ya ndege. Nilitaka kuuliza tu. Kijana mwenyewe anapenda lipi?

Clovis alifungua mdomo. Alimtazama Mugambi. Mugambi alimtazama Deusdedit. Jumamosi zote zile, kahawa yote ile, na kumbe swali hilo hakuna aliyekuwa amelitupa mezani. Kisha wote watatu wakamgeukia Bonaventure, kwa sababu mwenye mtoto ni yeye.

— Wa kwangu yule mkubwa, aliendelea Norbert kwa upole, akidhani hawakumwelewa, anapenda baiskeli ya rangi ya samawati, yenye kengele. Mdogo hapendi baiskeli, anapenda redio. Ndiyo nikauliza.

Bonaventure alitafuta. Mungu anajua kwamba alitafuta. Chumba cha Shalom kilikuwa kimejaa picha za magari tangu kitandani hadi darini. Siku ile ya ugomvi aliingia akazibandua zote kwa mikono yake, karatasi zikichanika kwenye pembe, akazibeba kifuani, akashuka nazo ngazi hadi kwenye pipa la karatasi la jengo, na Shalom akasimama dirishani akimwangalia. Alikuwa amezibeba zikimgusa kidevu. Sasa alijaribu kuiona hata moja. Ilikuwepo ya njano? Au njano lilikuwa pazia la jirani? Juu ya mto wa kitanda ilikuwepo moja kubwa kuliko zote. Hilo alilikumbuka, kwa sababu iliacha mraba mweupe ukutani. Mraba aliuona vizuri sana. Gari hakuliona.

— Sijui, alisema.

Alisimama, akamrudishia Deusdedit kikombe, akampa Norbert mkono, akaondoka bila kwaheri. Nyuma yake Clovis alianza kumwambia binamu yake kitu kwa Kibembe, kwa hasira, kisha akakiacha katikati.

Nyumbani Madeleine alikuwa anakatakata majani ya muhogo ya sombe. Bonaventure alisimama mlangoni na koti lake limelowa.

— Mama Shalom. Mtoto alikuwa anapenda gari gani?

Madeleine hakuinua kichwa, lakini kisu kilisimama.

— Mimi ninajua, alisema. Lakini sitakuambia. Nimechoka kuwa daraja. Namba unayo.

Alipiga. Simu iliita hadi ikachoka, kisha sauti ya mwanawe ikamwambia kwa Kiswidi, kwa adabu, kama inavyomwambia mtu yeyote, aache ujumbe. Hakuacha. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha Shalom, akaandika kwenye simu, kwa Kiswidi chake cha kufulia mashuka, herufi moja moja: “Ni gari lipi unalolipenda? Nilikuwa sijauliza.” Kulitafuta neno la Kiswidi la “nilikuwa sijauliza” kulimchukua muda mrefu kuliko yote mengine. Akaupeleka.

Wiki ikapita. Nyingine ikapita. Jumamosi zile mbili benchini hapakutajwa gari. Walijadili ushuru na uchaguzi wa Kenya uliokuwa unakuja, na Mugambi akasema utakwenda salama. Norbert aliendelea kuja, akaendelea kukaa pale penye unyevu, na watu walimsogezea kahawa kwa heshima ya kumwogopa kidogo.

Jumamosi ya tatu theluji ya kwanza ilianguka, nyembamba, ya kuyeyuka. Bonaventure alikuja amechelewa. Hakuketi. Akawaonyesha ujumbe wa Shalom kwenye simu, na kwa kuwa Clovis na Norbert walikuwa mwisho wa pili wa benchi, Mugambi akausoma kwa sauti, akiutafsiri.

— “Nina Volvo sasa. Inawaka hata kwenye baridi.” Ni hayo tu.

— Volvo! alisema Clovis.

— Volvo ni gari nzuri, alisema Mugambi. Ni gari ya... ni nzuri.

Deusdedit alimtazama rafiki yake kwa muda, methali ikimjia mdomoni. Akaimeza, akammiminia kahawa.

— Hajasema lile alilokuwa analipenda, alisema Bonaventure.

— Hajasema, alikubali Norbert. Lakini amesema analo lipi.

Wakampisha nafasi katikati. Aliketi, akavua glavu, akaishika simu karibu na macho. Vidole vyake vilikuwa vizito kwa baridi. Aliandika neno moja la kuuliza rangi, akalisoma, akalipeleka, kisha akaiweka simu juu ya goti, kioo kikiwa juu.

Treni zilikuja na kuondoka. Kahawa ilipoisha Deusdedit aliitikisa chupa, akaifunga. Mmoja mmoja wakaanza kuaga, Clovis wa kwanza, Mugambi wa mwisho, kila mmoja akimgusa bega. Bonaventure alikaa hadi taa za maduka zilipowashwa, saa za mchana ambazo huko tayari ni giza. Jibu halikuja siku ile.