Paa Halikuvuja

Waliopata viti mkae, waliokosa msogee kivulini, maana hii ni historia ya mtu aliyeishi miaka sitini na miwili na haitaisha kwa dakika mbili. Imeandikwa na kitinda mimba wake, yule aliyeacha shule kidato cha pili, ndiye huyu mnayemsikia, na kaka mkubwa alipompa kalamu alimwambia, "Humo ndani hakuna mimi mimi, hiyo siyo barua yako ya mapenzi," kwa hiyo kitinda mimba atajiita kitinda mimba mpaka mwisho, mtamvumilia. Karatasi ziko nne. Tatu kaka amezisoma na kuzisahihisha kwa kalamu nyekundu, ya nne hajaiona, na hiyo ndiyo iliyomnyima kitinda mimba chakula tangu Jumanne, kwa sababu kuna jambo mtaa mzima unalijua kuhusu marehemu, mmelicheka, mmemsema nalo, hata mama yetu aliyekaa pale mbele amemlaumu nalo miaka minane, na si kweli, na haifai marehemu aingie nalo kaburini.

Baba yetu, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina lingine zaidi ya Sikio, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, ambapo ukifungua dirisha unakutana uso kwa uso na nguzo ya simu. Hiyo nguzo ndiyo iliyomlea. Upepo ukipita nyaya zilikuwa zinavuma, na yeye akiwa na miaka saba alikuwa anabandika sikio pale kwenye mti, anafumba macho, halafu anamtafsiria dada yake, yaani shangazi yetu huyu aliyejifunga khanga ya bluu, kila mtu anayeongea kwenye simu mji mzima: huyu anamwambia mumewe asisahau sabuni, huyu anasema anaumwa kumbe mzima hataki kwenda kazini. Shangazi alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitatu na aliamini yote. Siku moja kaambiwa mume wa jirani anarudi safari na mgeni mkubwa, shangazi kakimbia kutoa taarifa, jirani wa watu kapika sufuria mbili, kafagia uwanja mpaka barabarani, hakuja mume wala mgeni, na kipigo kikamwangukia shangazi peke yake. Mpaka juzi alikuwa anasimulia huku anafuta machozi, "Muongo yule! Na nilivyokuwa namwamini!" Lakini baba hakuwahi kukubali kwamba alidanganya, alikuwa anasema, "Nilisikia hivyo."

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi Novemba 1965, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila ndiye aliyemwambia mwalimu mkuu kwamba kengele ya shule ina ufa, akachapwa kwa utovu wa adhabu, samahani, wa adabu, na wiki iliyofuata kengele ikapasuka vipande viwili. Mwaka 1966 alijiunga na chuo cha ufundi, akamaliza Desemba 1968, na tarehe 3 Februari 1969 akaajiriwa kiwanda cha nguo kuwa fundi wa vyerehani, kazi aliyoifanya bila kuhama mpaka kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Juni 2004. Wenzake mliofika leo mnakumbuka, alikuwa anasimama mlangoni asubuhi, mashine mia moja zinanguruma kwa mpigo, anainamisha kichwa kidogo, anasema, "Ile ya tatu kutoka dirishani ina mafua," na mkienda kuifungua mnakuta kweli, mafuta yamekauka. Msimamizi ndiye aliyempa jina la Sikio, kwa kumkejeli, likamkaa.

Mama yetu alikuwa anashona kola kwenye mashine namba arobaini na moja, ambayo ilikuwa inavunja sindano kuliko mashine zote, kila siku fundi aitwe, na ni baada ya kuoana, tarehe 9 Juni 1979, ndipo mama alipokiri kwamba mashine ilikuwa haina tatizo lolote. "Wewe mwenye masikio yako yote hukusikia?" alimuuliza. Baba akamjibu, "Nilisikia siku ya kwanza, nilikuwa napenda kuitwa."

Sasa tufike kwenye alichokipenda, maana kaka alisema historia bila hicho inakuwa kama fomu ya benki. Mwaka 1978 baba alinunua redio kaseti, ya rangi ya fedha, yenye mpini, na starehe yake yote duniani ikawa ni kurekodi sauti. Hakunywa, hakwenda mpirani. Alirekodi mvua juu ya bati, mlango wa jikoni unavyolia, mama anavyompigia kelele azime hicho kidude. Na alituwekea utaratibu ambao majirani mlitushangaa nao: siku ya kuzaliwa kwako hupewi zawadi, unakalishwa mbele ya redio, baba anataja tarehe, halafu unasema vitu vyote unavyovipenda mwaka huo mpaka viishe. Kaka, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1980, alitaja magari, magari na magari. Dada, wa tarehe 17 Novemba 1981, alitaja kusuka nywele za wenzake na kumpiga kaka. Baba mwenyewe kila tarehe 14 Machi alikuwa anakaa kama mtoto, mikono magotini, anataja kitu kilekile, "Napenda ile nguzo ya nyuma ya posta." Akimaliza kurekodi alivunja vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, kwa sababu vikishavunjwa kaseti haikubali tena kurekodiwa juu yake, labda mtu azibe vitundu vyake kwa karatasi.

Wa tatu, msichana, alizaliwa tarehe 21 Mei 1983, tulimwita Kengele kwa jinsi alivyokuwa anacheka, akafariki kwa homa tarehe 2 Septemba 1990, akiwa na miaka saba. Kitinda mimba alizaliwa mwaka uliofuata, tarehe 8 Agosti 1991, hakumkuta. Kengele alibaki kwenye kaseti moja, dakika tano tu, na kila tarehe 2 Septemba mama alijifungia chumbani na redio, akitoka macho mekundu anafanya kazi zake kama kawaida, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Hapa karatasi ya tatu imeisha. Kaka, samahani.

Desemba 2005 mlisikia kwamba mvua iliingia ndani kwa Sikio, ikalowesha sanduku la kaseti, na ile ya Kengele ikaharibika. Mama hakulia siku hiyo, alikaa kitandani akasema, "Wewe, unayesikia mashine ikipata mafua, hukusikia maji yanadondoka juu ya mwanangu?" na maneno hayo aliyarudia kila mvua iliponyesha, mbele ya wageni, mbele ya wakwe, na mtaani mkayaokota, mkawa mnatania, Sikio wa kusikia yote isipokuwa paa lake. Baba alikuwa anainama tu anafunga kamba za viatu. Aliita fundi bati, bati zote zikatolewa zikawekwa mpya, na fundi huyo yupo hapa, kasimama kule kwenye uzio, ataona aibu kutajwa ila atasema kweli, alipopanda juu alishangaa, "Mzee, mbona paa zima kabisa?" Baba akamjibu, "Piga misumari, mwanangu."

Paa halikuvuja. Kitinda mimba alikuwa na miaka kumi na minne, shule zimefungwa, amejiunga na wenzake wawili wanataka kuwa wasanii wakubwa, hawana hata kaseti tupu. Akafungua sanduku la baba, akachagua kaseti iliyoandikwa tarehe tu bila jina, akatafuna karatasi ya daftari ikalainika, akaziba vitundu, akaimba. Na mjue aliimba nini, maana aibu nusu haisaidii, aliimba kwamba yeye ndiye simba wa mtaa na wengine wote paka, sauti yenyewe inavunjika, na katikati kuna mahali anakohoa. Kwa ajili ya hicho alimfuta dada yake, Kengele. Siku ya pili alimwona baba kakaa na redio mapajani, kidole kipo kwenye kitufe, na badala ya kusema kitu alitoka akaenda kucheza mpira. Jioni akasikia habari ya paa. Aliisikia akiwa na sahani mkononi, akaendelea kula.

Miaka minane aliendelea kula. Aliacha shule, akahama kazi, kuosha magari, kuuza simu, kubeba zege, watu wakadhani ni utundu wa ujana, kumbe hakuna nyumba aliyokuwa anaweza kukaa mvua ikianza.

Baba alianza kuumwa moyo Mei mwaka huu wa 2013, akalazwa tarehe 6 Agosti, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Wiki ya tatu alimpa kitinda mimba ufunguo wa droo yake ya vifaa, akamwambia ipo kaseti chini ya bisibisi. "Nilikungoja uniambie mwenyewe," alisema, bila kupandisha sauti, "ukawa mkubwa huku nangoja. Mimi kwa mama yako nimeshasema yangu, ya paa. Hii ni yako kumpelekea." Kitinda mimba akasema, "Kesho, baba." Akasema kesho Agosti yote iliyobaki, ikapita tarehe 2 Septemba mama hana cha kujifungia nacho chumbani, akasema kesho mpaka Oktoba, na Jumanne tarehe 15, saa kumi jioni, baba akafariki akiwa bado anangoja.

Droo ameifungua Jumatano. Kaseti ni ileile. Karatasi ya daftari imebanduliwa, vitundu vimekwanguliwa vikawa safi, na juu baba ameandika kwa ule mwandiko wake wa herufi kubwa, WATOTO WANGU WAWILI WA MWISHO. Simba wa mtaa yupo, na kikohozi chake. Lakini wimbo ulikuwa mfupi kuliko kaseti, na unapokatika kuna sekunde kama ishirini ambazo hazikuguswa: Kengele anauliza, "Baba, bado inazunguka?" baba anamwambia, "Bado, sema kingine," na yeye anacheka, anasema, "Vimeisha, vyote nimeshavisema." Baba aliziweka sekunde hizo miaka minane asimpe mama, maana angempa angemtaja mwanawe. Hapo alikosea, mama, na aliyemkosesha ni huyu.

Familia inawashukuru madaktari, na yule muuguzi aliyemwachia marehemu redio yake ndogo wodini ingawa sheria inakataza, majirani mliochota maji na kubeba viti tangu Jumanne, wenzake wa kiwandani mliosimama jana mlangoni mkainamisha kichwa kama yeye mpaka tukacheka tukiwa msibani, na fundi bati, ambaye alijua na akanyamaza kwa heshima ya mzee. Mliomtania kuhusu paa hamna kosa, mlidanganywa. Mkitoka hapa, mseme vingine.

Mama, kaseti iko mfukoni, mfuko wa kushoto. Ukiitaka sasa hivi, sasa hivi. Ukitaka kwanza kumpiga kitinda mimba mbele ya watu wote hawa, atasogea karibu.

Na wewe, Sikio, umesikiliza watu vya kutosha. Pumzika, baba, leo kesho imefika, na kama huko uliko kuna nguzo, bandika sikio, sisi wa kwenu tumeshasema.