Fundi Makochi na Daktari Asiyeshukuriwa

Ndugu waombolezaji, mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1941, kitinda mimba wa mama mfua nguo na baba mlinzi, katika chumba kimoja nyuma ya stesheni ya reli.

Alianza shule Januari 1949, na mwezi Juni akaanguka kifafa darasani, mama akambeba mgongoni hadi hospitali, ambako daktari, bila hata kumpima, alisema mtoto huyu anachezea utupu wake, ndiyo maana anaanguka, na dawa yake ni tohara, basi tarehe 14 akatahiriwa bila ganzi, kwa makusudi, ili maumivu yamtie adabu. Sisi familia hatuna ugomvi na tohara, wajukuu wa marehemu wametahiriwa kwa ganzi na kwa heshima, ila hili linatuchoma mpaka leo, maana mgonjwa aliadhibiwa kwa kuumwa, na waliofundisha kwamba kifafa huletwa na kujichezea walikuwa wasomi, na waliyaandika hayo vitabuni. Kifafa hakikukoma, shule ikamfukuza, na mama, aliyeambiwa hajui kulea, akawa anamfunga mikono kwa kitambaa kila anapolala, asijichezee, huku machozi yakimtoka, akafariki mwaka 1960 akiamini kosa ni la mwanawe na la kwake.

Marehemu alijifunza ufundi wa makochi, akitania kwamba hata akianguka ataangukia sponji, na tarehe 9 Septemba 1967 akafunga ndoa na muuza vitambaa aliyekuwa akimkopesha, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1972 daktari mwingine alimpa vidonge, akamweleza kwamba ugonjwa wake uko kwenye ubongo na hajawahi kuwa na kosa lolote, naye marehemu hakupitia nyumbani, alikwenda moja kwa moja kaburini kumwambia mama yake.

Alianza kuugua figo mwaka 2018, akafariki tarehe 22 Mei 2019, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru majirani, tunawashukuru mafundi wenzake mliotengeneza jeneza na kulitandika sponji kama alivyotaka, na tunawashukuru madaktari wote, isipokuwa, kwa agizo la marehemu mwenyewe, yule wa mwaka 1949, ambaye hakuwahi hata kuuliza kama mtoto alipona.

Pumzika kwa amani, mzee wetu, hukuwa na kosa, wala mama hakuwa nalo.