Adui wa Sehemu ya Tatu na Soda za Kisauni

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Na asifiwe mara ya pili kwa niaba ya wale walioko nje wakinunua mahamri, maana najua spika hii inawafikia.

Jina langu ni Eliya. Nakaa hapa hapa Changamwe, nafundisha kompyuta katika kile chuo cha ghorofani juu ya duka la magodoro. Leo nimesimama kuwaeleza nilivyokuwa mtumwa. Sikunywa pombe. Sikuvuta sigara. Mama yangu alijisifu kwa majirani kwamba mwanawe hatoki nyumbani. Ndugu zangu, mtumwa gani hutoka?

Nilikuwa nacheza gemu za bunduki kwenye kompyuta. Kwa wazee wasiozijua: unaona mkono wako na bunduki, mbele yako ukumbi mrefu wenye milango, na nyuma ya kila mlango kuna zimwi linalokutakia mauti. Unabana ukutani, unachungulia, unafyatua. Ukiumia, unakanyaga kisanduku cha dawa kilicholala sakafuni, umepona. Hospitali hiyo haina foleni!

Sehemu ya kwanza ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo mbele ya madhabahu. Nilimuua mkubwa wa mazimwi, nikajiona nimeikomboa dunia. Haukupita muda, ikatoka sehemu ya pili. Yule niliyemuua kumbe hakufa, amerudi na kofia ya chuma. Kuta ni zile zile, zimepakwa rangi ya kijani. Bunduki ni ile ile, imeongezwa mtutu. Nikanung'unika kwamba wenye kampuni wanatuuzia ugali wa jana uliopashwa moto, kisha nikaula wote nikalamba na sufuria. Maana kwenye kasha waliandika kwamba hivi ndivyo vita vya mwisho. Ndugu zangu, Shetani naye ndivyo afanyavyo biashara. Hana dhambi mpya. Huchukua ile ya mwaka jana, akaibadilishia kasha, nasi tukapanga foleni.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Kadzo, binti wa Kisauni. Vijana wa kanisa wakienda Shelly Beach kwa maombi na pilau, Kadzo alikwenda, mimi nilikuwa nalinda ukumbi. Akinishika mkono, kidole changu kilikuwa kinafyatua. Alivumilia. Nikachukua uvumilivu wake kuwa ni mali yangu, na hapo ndipo nilipokosea.

Ikafika siku ya posa. Nyumbani kwao ni Wagiriama, na mila yao mnaijua: zamani wageni walifika na tembo la mnazi, binti akaitwa mbele ya wazee, akaulizwa, tembo hili linywewe? Akisema linywewe, ameolewa. Akikataa, kila mtu achukue kibuyu chake. Sisi tuliookoka tunapeleka kreti ya soda, lakini swali ni lile lile.

Sasa sikieni kazi ya adui! Asubuhi ya siku hiyo hiyo, jirani yangu baharia alishuka melini na sehemu ya tatu. Nikamwambia Mzee Kazungu, aliyekuwa mshenga wangu, atangulie na kreti pamoja na wajomba, nami nakuja nyuma yao. Nilitaka kuonja tu. Kumbe zimwi langu limerudi tena, safari hii lina mabawa! Nilipozinduka, jua limeshaanza kuteremka. Nikaliacha zimwi limeganda kwenye skrini, nikakimbia.

Mwili wangu ulifika Kisauni, lakini akili ilibaki ukumbini. Ndugu zangu, mtoto mdogo wa Pwani anajua kwamba mlango wa mtu hupigwa hodi, ungoje karibu, na usipojibiwa urudi ulikotoka. Mimi, siku ya posa yangu, nilibana ukutani. Nikachungulia. Nikaona pazia linatikisika, nikaingia kwa ubavu mlango wa nyuma na kuchutama nyuma ya kabati la vyombo.

Aliyetikisa pazia alikuwa mama mkwe. Alikuja kuchukua bilauri. Akaniona. Mnajua heshima iliyopo baina ya mtu na mama mkwe wake, hata njiani hupishana kwa mbali. Mama yule hakupiga kelele. Alijifunika leso kichwani, akatoa bilauri moja moja kana kwamba mimi ni gunia la unga, akarudi sebuleni. Nikamsikia akisema kwa upole:

"Mkwe ameshafika. Yuko nyuma ya kabati."

Nilitolewa nikakalishwa kwenye kigoda mbele ya wazee wote. Mzee Kazungu, aliyekuwa ametumia mchana kutwa kueleza jinsi nilivyo kijana mtulivu, aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Baba yake Kadzo alikohoa, akamwita binti yake, akamwuliza kama mila inavyotaka, soda hizi zifunguliwe? Kadzo akaomba ruhusa aniulize neno kwanza.

"Eliya, ulikuwa unamkimbia nani?"

Nikasema simkimbii mtu, nilikuwa napigana na mkubwa wa mazimwi wa sehemu ya tatu, nami nimebakisha kidogo sana nimmalize.

"Na ukimmaliza, unapata nini?"

Ndugu zangu, nilitafuta jibu zuri. Nilitafuta kwa bidii, wazee wananitazama, soda zinatoka jasho. Lililotoka kinywani ni la kweli.

"Napata sehemu ya nne."

Mjomba wake mmoja alicheka, akajifanya anapiga chafya. Kadzo hakucheka. Macho yake yalijaa machozi, na mimi ndiye niliyeyajaza. Akamwambia baba yake, zisifunguliwe.

Tulirudi Changamwe na kreti yetu, chupa zikigongana njia nzima kama zinatusema. Nilipofika nyumbani, mnadhani nilianguka kifudifudi nikatubu? La! Nilikaa mbele ya kompyuta nikasema, kwa kuwa nimekosa mke, basi huyu simwachi hai. Nikapigana kwa hasira, nikamwangusha. Nilingoja furaha. Badala yake zimwi likafungua jicho moja, likakonyeza, na chini yake yakaja maandishi kwamba hadithi itaendelea, na kwamba sehemu ijayo itahitaji kompyuta yenye nguvu maradufu ya hii niliyo nayo!

Nilicheka. Nilicheka mpaka mama akaja kuchungulia. Kisha kicheko kikageuka kilio, nikapiga magoti pale pale kati ya nyaya. Niliona maisha yangu yote, ndugu zangu: napigania ushindi ambao aliyeniuzia ameshapanga kuninyang'anya. Nikasema, Bwana, nitoe humu, mimi mwenyewe sioni mlango. Na Bwana akanitoa!

Mchungaji alitaka tuchome zile diski za gemu hadharani kwa utukufu wa Mungu. Tukazichoma. Mnaokumbuka ule moshi wa plastiki, na jinsi kwaya ilivyokatisha wimbo ikikohoa, mnisamehe. Kompyuta haikuwa na kosa. Hadi leo inachapa ratiba za harusi na mazishi ya kanisa hili.

Nilikaa kimya miezi mingi kabla ya kumrudia Mzee Kazungu. Alisema atakwenda, lakini safari hii nitatembea mbele yake, anione. Tukafika na kreti yetu, tukakaribishwa. Nilikaa nje na vijana kama desturi, nikangoja kuitwa, mikono imetulia juu ya magoti. Nilipoitwa ndani, baba yake Kadzo aliuliza swali lile lile. Nami kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba linaweza kujibiwa hapana. Kadzo akanitazama muda mrefu. Akachukua chupa, akaifungua mwenyewe, akaimimina kwenye bilauri na kumpelekea baba yake.

Yule pale, benchi la akina mama, mwenye mtoto mgongoni. Anatingisha kichwa, maana nilimwahidi sitataja habari ya kabati.

Nasikia sehemu ya nne imeshatoka. Nasikia zimwi limerudi na ndugu yake. Natamani kuliona? Natamani, ndugu zangu, niombeeni! Lakini namshukuru Mwokozi aliyeifanya kazi yake mara moja ikatosha, wala hanidai mashine mpya. Na wewe uliyekaa hapa na kitu kinachokuahidi kila safari kwamba hii ndiyo ya mwisho, mwamini Yeye, uje mbele. Mimi nilikuta Kadzo bado yupo. Ilikuwa neema tupu, hakulazimika. Njoo leo, ungali unangojwa.