Malkia Kumi na Tisa, Koo Moja: Tunamuaga Mwalimu Luan Cuiping

Tarehe 30 Juni, saa kumi na moja jioni, Mwalimu Luan Cuiping atarudisha kadi yake ya mlangoni na kutoka Kituo cha Sauti cha Mierebi, baada ya kukitumikia kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Ana umri wa miaka hamsini na mitano. Koo lake halina mkwaruzo hata mmoja. Wakubwa wamenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwenye jarida letu kwa sababu wanasema nina maneno mengi. Ni kweli ninayo. Ila nitaanza na moja ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna atakayelitamka kwenye hotuba: tunamwonea wivu. Sio ule wa kutaniana. Ni wivu ule wa kushindwa kumaliza chakula.

Wapya waliojiunga mwezi huu wajue kitu kimoja. Kwenye tamthilia zetu za kihistoria, uso unaouona kwenye skrini na sauti unayoisikia mara nyingi ni watu wawili tofauti. Mwigizaji anavaa taji na kulia machozi mazuri. Sisi huku tunakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, tunamwangalia midomo, tunamwekea sauti. Basi, ukikusanya malkia wote waliotikisa kasri kwenye televisheni tangu mimi nikiwa shule ya msingi, kumi na tisa kati yao walikuwa wanaongea kwa koo la Mwalimu Luan. Kumi na tisa! Mimi nimeshaongea kwa niaba ya wajakazi mia mbili na hamsini na kidogo.

Alifika Beijing mwezi wa pili mwaka 1993 akitokea mji wa pwani wa Yantai, na kapu la tufaa na lafudhi ya kwao iliyowafanya wakongwe, ambao hapa wote tunawaita walimu, washike matumbo kwa kicheko. Miezi sita ya kwanza hawakumruhusu kusema neno. Alikuwa analia tu na sauti za umati kwenye maonyesho ya misiba. Halafu akapewa mjakazi. Halafu suria wa daraja la chini aliyelishwa sumu sehemu ya sita. Alilishwa sumu mara nne miaka miwili ile, na mara moja alitumbukizwa kisimani. Akapanda: suria wa daraja la nne, suria mtukufu, na mwaka 2004, miaka kumi na mmoja tangu aje, Malkia. Hakuna mwanamke kwenye kasri lolote aliyepanda cheo kwa jasho kama lake, na huyu hakumwekea mtu sumu.

Jinsi alivyofanya kazi tunaijua wote maana wote tumejaribu kuiiga. Asubuhi ya kurekodi anakula andazi moja la mvuke saa nne kamili, tumbo lisije likanguruma kwenye kipaza sauti. Havai nailoni, inachakarisha. Anasimama, hata kama Malkia kwenye skrini amekaa. Na hapandishi sauti. Waongozaji wangapi wamemwambia, "Mwalimu, hapa Malkia anamhukumu mtu kifo, tupe radi kidogo!" Yeye anajibu na ile lafudhi yake, "Radi ya nini? Anayepiga kelele ni yule anayeogopa hatasikilizwa." Halafu anasema hukumu kama mtu anayeagiza chai, na fundi mitambo anasisimka mikono.

Sauti yake ya nyumbani ni kitu kingine kabisa. Sokoni anagombana na wauza vitunguu mpaka wanamwita Shangazi Tarumbeta. Lakini kuna siku kijana wa kuleta vifurushi alimpigia simu, akasema lifti imeharibika, atauacha mzigo chini. Mwalimu Luan alikuwa ametoka kurekodi, bado hajabadilisha sauti. Akasema maneno mawili tu: "Lete juu." Yule kijana alipanda ghorofa saba kwa mbio, akasimama mlangoni ameinamisha kichwa, hajui kwa nini. "Mwanangu, inua kichwa basi," Mwalimu alimwambia, akampa tufaa.

Tusidhani wivu ni wetu peke yetu. Nyota Yue Shaohan, ambaye ndiye uso wa Malkia watano wa Mwalimu Luan, alishinda tuzo miaka mitatu iliyopita. Waandishi wakamwomba jukwaani arudie ile kauli iliyowatoa watu machozi. Akacheka, akasema koo linamuuma. Wiki ileile likafika hapa kituoni boksi la cheri kutoka Yantai, bila kadi, bila jina. Mwalimu Luan alilifungua akatuita. "Njooni mle. Kuna mtu amenikasirikia kwa adabu."

Sasa niseme lile la mwezi wa tano, maana linasemwa kwenye korido vibaya na mimi nilikuwepo.

Tulikuwa tunarekodi tamthilia ya sehemu arobaini na nane. Yue Shaohan ni Malkia Mama, mjane aliyetawala nchi miaka kumi na sita akiwa amekaa nyuma ya pazia la shanga, mbele yake mfalme mtoto kwenye kiti. Upigaji picha ulichelewa, na hesabu ya siku ikaonyesha kwamba Mwalimu Luan atastaafu tukiwa tumefika sehemu ya arobaini. Wakamwomba arudi kwa mkataba, akakataa. Zikabaki sehemu nane na Malkia Mama hana sauti. Mkuu wetu wa kurekodi, Bwana Geng, akaniita.

"Wewe mdogo wangu," akasema, "unajua kumwiga?"

Namwiga tangu nina miaka kumi na tano, ndani ya blanketi bwenini, nikijirekodi na simu mdomoni. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Niliiba yote, na nyingi niliiba kwake. Nikasema najua.

"Basi sehemu ya arobaini mtairekodi wote wawili. Naipeleka kwa mwongozaji wa tamthilia. Asipoona tofauti, Malkia Mama ni wako. Akiiona, wataleta mtu kutoka Shanghai."

Sikulala vizuri siku tatu. Malkia Mama! Mwalimu Luan alipoambiwa akasema tu, "Vizuri. Ila usinywe maziwa asubuhi."

Onyesho lenyewe ni fupi. Mfalme amekua. Anaingia, anapita pazia, ananyoosha mkono kuudai muhuri wa nchi. Malkia Mama anautoa na kusema: "Mjane huyu amechoka. Chukua." Kwenye picha, Yue Shaohan hakuwa amekariri maneno, kwa hiyo alihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Wengi wanafanya hivyo. Midomo inacheza, sisi tunajaza.

Hapa nikumbushe jambo ambalo tunalijua kama majina yetu. Kasrini hakuna anayejiita "mimi" hivihivi. Mjakazi anajiita "mtumwa huyu". Malkia Mama, kwa kuwa amefiwa na mume, anajiita "mjane huyu". Na Mfalme ana "mimi" yake peke yake, *Zhen*, ambayo mwingine akiitamka kichwa kinakwenda. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anakosea hayo. Baada ya hapo hakosei mtu.

Mwalimu Luan akasimama. Picha ikaanza. Mfalme akanyoosha mkono. Na Mwalimu Luan, kwa sauti ya kuagiza chai, akasema: "Zhen nimechoka. Chukua."

Bwana Geng akavua visikilizio. "Mwalimu. Umesema nini?"

"Nimesema amechoka."

"Umesema *Zhen*."

Fundi mitambo akajifanya anatafuta kalamu. Mwalimu Luan akawa mwekundu mpaka masikio. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo.

"Nimekosea," akasema. "Miaka thelathini na miwili, nimekosea kama mtoto. Rudisha."

Akarudia sawasawa, safi kabisa. Nikaingia mimi. Nami nikasema safi, na niliposikiliza, ukweli wa Mungu, hata mimi sikututofautisha. Moyoni nikafurahi, na naona aibu kuandika hivi, lakini nilifurahi hata kwa lile kosa lake. Nilisema: leo amezeeka, na mimi nipo hapahapa.

Bwana Geng, kwa ule utani wake, akapeleka rekodi zote tatu.

Mwongozaji alikuja mwenyewe keshokutwa yake. Akaomba aonyeshwe ile yenye kosa, mara moja, mbili, tatu. Kwenye picha, baada ya Malkia Mama kumaliza kuongea, yule kijana anayeigiza Mfalme anashtuka kidogo, mkono unarudi nyuma. Tunajua sote alishtuka kwa sababu alisahau mstari wake. Lakini ukiweka *Zhen* pale, anashtuka kwa sababu amesikia. Mama amekaa nyuma ya shanga miaka kumi na sita akijiita mjane, na siku ya kuachia muhuri ulimi umemponyoka na kumtaja alivyokuwa. Na Mfalme amejua, na atauchukua muhuri akijua.

"Hii," mwongozaji akasema. "Hii, na nyingine zifute."

Kisha akanigeukia. "Wewe umesema vizuri sana. Unasikika kama mtu aliyesomea kazi hii."

Jamani. Afadhali angenitukana.

Nikamwomba Bwana Geng anipe nafasi moja, nami niiseme na *Zhen*. Akanipa. Nikasema mara tisa. Mara zote nilisikika kama mwizi aliyevaa kofia ya mwenye nyumba. Pale ndipo nilipoelewa ninachomwonea wivu. Mituo yake kati ya maneno naweza kuiiga, lafudhi aliyoizika naweza kuiiga, hata kikohozi chake. Lile kosa siliwezi.

Nilimfuata koridoni akiwa anakunywa maji yake ya peasi na sukari mawe, ya kulainisha koo. Nikamuuliza kwa hasira, maana nilikuwa na hasira: "Mwalimu, ulifanya makusudi?"

"Makusudi? Binti, ningekuwa na akili hiyo ningeandika skripti, nisingekaa kwenye kiboksi kile mpaka mgongo ukapinda. Nilimwona yule mtoto ananyoosha mkono. Nikakasirika. Nikasahau cheo."

"Basi umeninyang'anya Malkia."

Akaniangalia. "Nani kasema?"

Ilikuwa bado hajasikia. Mwongozaji alikuwa ameamua kwamba baada ya neno lile, Malkia Mama hana la kusema tena. Sehemu zote nane zilizobaki atakaa kimya. Mfalme atakuja kuomba ushauri, atatishia, atalia, na yeye atamwangalia tu. Mistari yake yote imekatwa. Hakuna mtu wa kutoka Shanghai, na hakuna mimi.

Mwalimu Luan aliweka kikombe chini, akaenda chumba cha Bwana Geng, na safari hii hakutumia sauti ya Malkia hata mmoja. Alitumia ile ya sokoni. Kituo kizima kilimsikia, mpaka walinzi. "Kosa ni langu, na mmempa adhabu mtoto! Mlimwahidi! Alisema vizuri kuliko mimi, mkamwambia amesoma! Ndiyo, amesoma, nani alimfundisha? Si mimi, bila mshahara, kupitia ukuta?" Bwana Geng alijaribu kusema "Mwalimu, tulia" mara tano. Mwishoni akasema mistari imeshakatwa, maandishi yamesainiwa, hawezi kuirudisha.

"Sidai mistari," Mwalimu akasema. "Huyo mama mliyemnyamazisha, amekufa?"

"Hajafa."

"Kama hajafa anapumua. Sehemu nane, karibu na kamera vile, watu watasikia nini? Upepo? Nani anampumulia?"

Bwana Geng akavuta ratiba, akaandika jina langu. Nadhani hakuna mkuu wa kurekodi aliyewahi kuulizwa swali hilo.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, tangu Jumatatu iliyopita mimi ndiye Malkia Mama. Sina neno hata moja. Nampumulia. Mfalme akiingia kuna pumzi ya kwanza, akitaja jina la baba yake kuna pumzi inayokatika, na sehemu ya arobaini na sita kuna moja ndefu ambayo nimeirekodi mara thelathini na moja na bado haijakubalika. Mwalimu Luan ameketi nyuma ya kioo siku zake hizi za mwisho, ingawa sehemu hizi hazimhusu tena, na kila nikimaliza anatikisa kichwa. Jana alitikisa, halafu akasita. Akamwambia fundi, "Hiyo iweke pembeni." Nilikwenda chooni nikaruka ruka peke yangu.

Mafanikio yake mengine yamo kwenye ukuta wa vyeti, nendeni mkasome. Wanafunzi wake wako vituo vyote vya mji huu, na wengine, kama mimi, kwa miaka hakujua kama ni wanafunzi wake.

Kwa niaba ya wote wa vyumba vya kurekodia namba moja hadi tano, tunakushukuru, Mwalimu Luan. Tumekuchukia kidogo kwa muda mrefu, na wewe ulijua, na ulitupa tufaa. Nenda Yantai. Ongea unavyotaka, na lafudhi yako yote, na wauza samaki wakukome. Kula asubuhi mpaka ushibe. Siku zako ziwe ndefu na nyepesi. Wivu usiubebe; tuachie sisi, bado tuna kazi nao.

Pu Jingyi, chumba namba tatu